Kicheko cha Kigweno

Miaka hiyo, lugha iliyoshindwa kumchekesha mtu mbele ya watafiti ilifungwa ghalani, na kuisema nyumbani kukawa kosa. Kigweno kilibakiwa na wasemaji wawili: bibi Namkunda na shemeji yake Sangiwa, walionuniana tangu matanga ya mume wa Namkunda.

Mtafiti aliwaketisha pamoja, akawasha mashine ya kupima kicheko, akasubiri hadi akachoka. Alikuwa anaizima, ndipo Sangiwa akafungua kinywa, akasema kwa Kigweno.

"Shemeji, mapishi yako yamehamisha hata panya."

"Wamehama wote, umebaki wewe."

Wakaangua kicheko wote wawili. Mashine ikatamka: lugha hai, mwaka mmoja tena. Namkunda akapiga kigelegele. Sangiwa alicheka mpaka kikohozi kikambana, na Namkunda akamshika mgongo kwa mikono miwili, asimwachie.