Bahasha ya Kinyozi

Mke wa kinyozi aliishikilia bahasha juu ya mdomo wa birika, na wala hakuwa akipika chai. Mvuke ulipolegeza gundi aliifungua, akasoma karatasi ya hospitali mara mbili, akaketi kwenye kigoda na kulia kwa kwikwi. Kisha akanawa uso, akaibandika bahasha upya na kuirudisha kabatini chini ya mashuka.

Mumewe ndiye aliyempa aitunze. Ugonjwa wa figo ulikuwa umemchukua baba yake, ukamchukua na kaka yake mkubwa, na daktari akamshauri apimwe damu ajue kama naye ameurithi. Akapimwa. Majibu yalipotoka, mtu huyu anayepitisha wembe kwenye koo za watu kutwa nzima akaogopa kipande cha karatasi.

"Nikijua nitafaidika nini?" aliuliza. "Nitakuwa nahesabu siku tu."

"Ukijua mapema utatibiwa mapema," mkewe alimjibu. "Tena si wewe peke yako. Kama unao, mwanao naye huenda anao. Kabla hujaifungua, nenda kamwambie."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Binti yao wa pekee alijifunza kunyoa kwa baba yake, akaiva, kisha akafungua saluni yake mwenyewe ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Nusu ya wateja wakavuka. Mwaka wa tatu sasa baba na mtoto walikuwa wakionana kutwa bila salamu, kila mmoja ameinamia kichwa cha mtu. Ukaidi huo nao ulikuwa wa kurithi, ila haukuhitaji kipimo.

Siku kumi zikapita. Kinyozi akakonda. Mkewe alifua nguo huku akiimba, naye akajisemea kwamba kumbe ameoa mwanamke jasiri.

"Nipe niifungue leo, yaishe," alisema asubuhi moja.

"Mwanao kwanza."

Basi akavua koti lake la kazi, akavuka barabara. Hatua kumi na nane. Alimkuta binti akifagia nywele, akaketi kitini kama mteja yeyote.

"Punguza pembeni," alisema.

Katikati ya kunyolewa akamweleza yote: babu yake, baba yake mkubwa, damu, bahasha. Binti akazima mashine. Akamshika baba yake bega, wakalia wote wawili mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri zamu, ambaye kwa adabu zake aligeuka kusoma kalenda.

Jioni ile binti alikula kwa wazazi wake kwa mara ya kwanza tangu ugomvi. Baba alikiri kwamba hajawahi kunyolewa vizuri namna ile, akaomba jambo hilo lisitoke nje. Ndipo mama akaileta bahasha. Kinyozi akamsukumia binti, naye akaifungua.

"Baba," alisema taratibu, "huna. Hukuurithi. Na mimi sina pa kuutoa."

Kinyozi alifunika uso kwa viganja, akamshukuru Mungu, kisha akamgeukia mkewe.

"Mke wangu, umesikia?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza," mkewe alisema, akimwongezea binti mchuzi. "Ningekuambia siku ile, ungevuka barabara?"