Mume wa Yule Dada

Filamu ilipokwisha niliwasha taa, na kapteni akaanza kuuliza maoni, kama kila Jumamosi.

Ilikuwa ile ile ya mwanaume anayempenda mke wa mtu mpaka anamfungia ndani ya nyumba yake. Tulishaiona mara tisa, mchana kweupe, madirisha ya mesi yamezibwa kwa mablanketi ya jeshi.

"Wewe, umeionaje?"

"Yule anapenda kweli, afande."

Wote tulijibu hivyo. Hata mimi, fundi wa projekta, siku moja nilijipaka mate machoni ili nionekane nimelia.

Adyero hakuwahi kuulizwa. Kapteni alimleta kambini kutoka mtaa wa Bukoto akae naye, wiki mbili baada ya mumewe kuitwa kwa mahojiano. Jumamosi hii akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mume wa yule dada anatoweka katikati ya filamu," alisema. "Hakuna anayemtaja tena. Yuko wapi, afande?"

Askari aliyekuwa akitafuna karanga akaacha kutafuna.

Kapteni akacheka kidogo, akafungua kifungo cha ala ya bastola. "Fundi, wewe unaijua hii filamu. Hebu mjibu."

Nikainamisha macho. Adyero alikuwa amevua viatu, vimepangwa vizuri chini ya kiti, na vidole vya miguu vimekaza sakafuni. Mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yake.

"Nimesahau, afande," nikasema. "Ngoja tuitazame tena."

Nikazima taa.