Kidole cha Abalo

Mashine ilikikataa kidole cha Abalo kwa mara ya tano.

"Mama, hiki kidole umekiacha wapi?" aliuliza Nelima, msichana Mkenya anayesajili namba za simu pale Kansanga. Alikifuta kwa kitambaa, akakipulizia, akakibandika tena kwenye kioo. Mashine ikalia vilevile. "Inasema hapa hakuna mtu."

"Iambie nipo," alisema Abalo. "Nimekuja kwa miguu yangu."

Watu wa foleni wakacheka, naye akacheka nao. Miaka ishirini na miwili alikuwa akivunja mawe kwa nyundo ndogo kwenye machimbo ya juu ya Namuwongo, kokoto moja baada ya nyingine. Jiwe nalo halikukaa bure. Yeye akilivunja, nalo likimla kidogo kidogo, mpaka vidole vyake vikawa kama mgongo wa kijiko. Alirudi nyumbani bila namba ya simu, wala hakununa.

Ila wiki ile kidole kilikuwa na kazi nyingine. Bwana Ogwal, tajiri aliyekitamani kile kilima cha machimbo ajenge nyumba za ghorofa, alikuwa amepeleka maombi mjini machimbo yafungwe. Ijumaa afisa angekuja kusikiliza wenyeji na kuamua. Akikubaliwa Ogwal, nyundo zote zinawekwa chini. Na mjane wa askari kama yeye, miaka sitini na minne, shamba hana, shule hana, ataanzia wapi?

Ondiek, mwenye duka la saruji, ndiye aliyeshika karatasi ya kuomba machimbo yaendelee. Alizunguka nayo mtaa mzima, kwa wenye gereji, kwa mama wa chapati, kwa mafundi wa tofali, na wote wakaandika majina. Alhamisi akapanda machimboni na kibati cha wino, kwa wale ambao kalamu haiwajui. Akagongesha kidole cha kwanza, cha pili, cha kumi. Alipomaliza sabini akakaa kitako juu ya rundo la kokoto.

"Mama Abalo, mnaniua. Tazama hii. Hivi si vidole, ni mavi ya mbuzi."

"Mbuzi ni mali," alisema Abalo.

"Usicheze, mama. Huyo afisa, Komakech, alikuwa polisi, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya alama za vidole. Karatasi anaisoma kama padri na misale. Atasema nimekaa dukani nikigonga kizibo cha soda. Na Ogwal nasikia amepeleka alama safi, zinang'aa."

"Amezipata kwa nani?"

"Nitajuaje? Sasa nisikilize. Kansanga kuna mabinti wa saluni, vidole vyao kama siagi. Wagonge wao, mimi niandike majina yenu. Nani atajua?"

Abalo akaweka jiwe jingine mbele yake, akalipasua katikati.

"Ondiek mwanangu, marehemu mzee wangu alikula kiapo mara moja tu, na kikamtosha mpaka kaburini. Kidole changu kikiwa kibaya, ubaya ni wangu. Peleka hivyohivyo."

Ondiek akapeleka, amekunja uso kama mtu anayepeleka yai viza sokoni.

Ijumaa asubuhi uwanja wa kanisa ulijaa. Komakech alikaa mezani, kioo cha kukuzia mkononi, karatasi ya Ondiek mbele yake. Alipita majina yaliyoandikwa kwa kalamu bila neno. Akafika kwenye madoa. Akainama. Akavua miwani, akaifuta, akainama tena. Bwana Ogwal, aliyekaa mstari wa mbele na suti yake, akatabasamu.

"Nani ameleta hii?"

Ondiek akasimama nusu. "Mimi, afande."

"Alama sabini. Sioni mstari hata mmoja."

"Ndiyo, afande."

"Nikiwa polisi nilimweka mtu ndani kwa kitu kidogo kuliko hiki."

Abalo alimwona Ondiek akitafuta kiti kwa mkono na asikipate. Akainuka, akakaza lesu yake kiunoni.

"Afande, doa la kwanza ni langu. Abalo Santa. Huyu kijana muache, yeye alibeba wino tu."

Komakech akamtazama, halafu akamsogezea kibati cha wino na karatasi nyeupe. "Gonga hapa, mama, nikiona."

Abalo akagonga, akainua mkono. Doa jeusi, tupu. Huko nyuma mtu akanong'ona habari za mbuzi, akafinywa.

Afisa akaliangalia lile doa kwa kioo chake, muda mrefu. Akaushika mkono wa Abalo, akaugeuza juani, akaurudisha taratibu kama kikombe cha mwenyewe. Kisha akafungua faili, akatoa karatasi aliyoleta Ogwal.

"Hili ni ombi la wavunja mawe wenyewe," alisema. "Mia mbili na kumi. Wanasema wamechoka, machimbo yafungwe."

Akaigeuza imwelekee Abalo, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kusoma Abalo hakukujua sana, ila jina lake alilijua. Lilikuwa pale, limeandikwa vizuri, na pembeni yake alama ya kidole gumba, mistari yake myembamba imejipanga kama nywele zilizosukwa kwa ajili ya harusi.

Abalo akaisogelea, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuipenda.

"Kizuri," alisema. "Ni cha nani?"