Meza Isiyo na Doa

Shomvi aliingia darasani bila hodi, amekuja kumwondoa binti yake. Mtaani aliambiwa kwamba shule hii inawasugulisha watoto meza, na somo hilo alilijua vizuri. Enzi zake, yeye na wenzake walilima mihogo ya mwalimu mkuu mpaka viganja vikatoka malengelenge, ikaitwa elimu. Mihogo yenyewe hawakuionja.

Akamkuta Tunu, povu limemfika viwikoni, anasugua meza kwa brashi huku akiimba.

“Meza ya nani hiyo?”

“Ya kuoshwa, baba.”

“Nani kaichafua?”

“Haijachafuka.”

Shomvi akainama, akaikagua juu mpaka uvunguni. Kweli, doa hakuna. Akamgeukia mwalimu, Bi Asteria, aliyekaa mkekani.

“Mwalimu, mimi si mtoto. Kazi haikosi mlaji. Hapa anayekula ni nani?”

“Muulize mwenye brashi. Kazi hiyo kaichagua mwenyewe.”

Shomvi akanyoosha mkono amnyang’anye Tunu brashi. Tunu akaikumbatia. “Ngoja zamu yako, baba.”

Mtoto mwingine, aproni imemfika miguuni, akamvuta shati. “Na foleni iko nyuma yangu, mzee.”

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka, na hilo likazidi kumtia Shomvi shaka.

Tunu akaikausha meza, akaitazama kwa raha zake. Kisha akamwaga maji, akachota mengine, akaanza upya palepale. Neno “twende” lilikuwa tayari mdomoni mwa Shomvi. Akasimama nalo, akitazama povu likitambaa taratibu juu ya meza safi.