Mteremko wa Jiwe Jeusi

"Usimuulize jina, usimfunue uso, na usisimame njiani," Leonidas alisema, akiikaza kamba ya keria ya baiskeli ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Damiani alicheka. Rafiki yake huyu wa tangu utotoni alikuwa akitetemeka kana kwamba yeye ndiye anayetoroshwa.

Tangu biashara huria iruhusiwe, Iguguno ilikuwa na baiskeli za kila aina, lakini yenye shokapu mbele na nyuma ilikuwa moja tu. Damiani aliinunua kwenye mitumba Arusha, akaichomelea keria, na kuanzia hapo akawa mtu pekee anayeshuka kilima kupitia kwenye mawe bila kutoka kwenye kiti. Wengine wote walizunguka barabarani. Ndiyo maana Leonidas alimwahidi mtamba: amchukulie mchumba wake kisimani, juu ya kilima, siku ya mnada, kabla kaka za binti hawajarudi kutoka mnadani.

Mtamba! Damiani alikuwa amepungukiwa na ng'ombe mmoja tu akamilishe mahari ya Magdalena wake, ambaye juma lililopita aliaga kwamba anakwenda Mandewa kumuuguza shangazi. Akirudi atakuta mambo yamekwisha. Furaha ilimjaa Damiani, akamkumbatia Leonidas palepale.

Binti alikuwa kisimani, amejifunika khanga uso mzima. Hakusema neno, kwani kwa desturi yao anayetoroshwa hufunga mdomo mpaka avuke kizingiti cha mume. Na anayembeba ndiye shahidi wa mume. Shahidi akishatamka mbele ya wazee, hana tena ruhusa ya kugeuka.

"Nishike kiuno, dada. Ukiogopa, fumba macho."

Nyuma yao mwanamke alipiga yowe, miluzi ikafuata. Damiani aliachia breki. Shokapu zilizama, zikainuka, kokoto zikaruka, mikono ikaanza kufa ganzi kwenye usukani. Hakutazama nyuma, kwani kwenye mteremko ule anayetazama nyuma huokotwa chini. Walipofika penye jiwe jeusi, mahali ambapo abiria wake wengi walikuwa wameshaonja mchanga, alifungua kinywa amwambie ainame kushoto.

Binti alikuwa ameshainama.

Kumbe Leonidas kamwelekeza vizuri, Damiani aliwaza, akazidi kumpenda rafiki yake.

Uani kwa kina Leonidas wazee walishakaa. Damiani alimshusha abiria wake, akaegemeza baiskeli ukutani, akafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Binti huyu umemleta kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu, mzee."

"Una neno lolote juu ya ndoa hii? Lisemwe sasa."

"Sina, mzee. Nawatakia heri tu." Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, akamgeukia Leonidas ampe mkono. Leonidas alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Wanawake walipiga vigelegele. Binti alivuka kizingiti, akageuka, akashusha khanga.

"Asante, Damiani," alisema Magdalena. "Ulinifundisha vizuri kuinama pale penye jiwe."