Unga wa Jasi

Unga mweupe ulikuwa tena kwenye mikono ya shati la Nathaniel, na nyumbani kwao Gungu hakuna aliyekuwa amekanda ngano.

Jovita alilikung'uta shati, moyo ukimchemka. Mumewe alikuwa mtaalamu wa miamba, lakini mawe ya jasi aliyoyaleta kwa treni kutoka Itigi hayakukaa ofisini. Kila Jumamosi aliyatia kwenye mkoba akashuka nayo Bangwe, kwa Spesiosa, mkimbizi aliyeingia mwaka juzi kutoka Burundi.

"Namsaidia tu," alikuwa akisema.

Jumamosi hiyo Jovita alimfuata. Alijibanza chini ya dirisha la Spesiosa, akamsikia mumewe akizungumza kwa sauti ya upole ambayo yeye alikwisha kuisahau.

"Zamani pale Itigi palikuwa na maji ya chumvi. Jua likayakausha, jasi ikabaki chini. Tazama, hii inapitisha mwanga kama kioo. Hii ina nyuzi kama hariri. Na hii nyeupe, laini, watu huchonga vinyago. Zote ni jasi."

"Na huu unga?" Spesiosa aliuliza.

"Ni jasi niliyoikaanga, maji ya ndani yakatoka. Ukiurudishia maji, unageuka jiwe tena."

Mwanamke akacheka. Jovita, miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuambiwa jina la jiwe hata moja. Wivu ukamwinua pale dirishani. Akausukuma mlango.

Mtoto mchanga alikuwa amelala mkekani. Mguu wake, uliopinda tangu kuzaliwa, ulikuwa umenyooshwa na kuzungushiwa vitambaa vilivyolowa jasi. Spesiosa alikuwa amemshika goti asijitikise, akimbembeleza, "Tulia, Ciza." Nathaniel, mikono myeupe mpaka viwikoni, alimtazama mkewe akaduwaa.

Kumbe hili ndilo lililokuwa likimleta! Jovita alitamani ardhi immeze. Alipiga magoti kando ya mkeka, akakishika kidole cha mtoto, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, mama, nimeingia bila hodi," alimwambia Spesiosa. "Naitwa Jovita. Naishi na Nathaniel kule Gungu."

Uso wa Spesiosa ukachanua.

"Kumbe ndiwe, wifi! Kila siku namwambia Baba Ciza amlete dada yake amwone mtoto."