S za Nabalayo

"Unasoma habari au unatafuna muhogo?" Mzee Maftah aliuliza, huku akiongeza sauti ya spika ofisini mwake mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. "Serikali imekuwa 'erikali'. Fedha imekuwa 'edha'. Binti, hizo herufi unampelekea nani?"

Nabalayo alikuwa studio, upande wa pili wa kioo, karatasi ya habari mkononi. Alisoma tena, polepole. Mzee akatikisa kichwa.

Maftah alikuwa mkuu wa idhaa ya Kiswahili katika redio moja changa ya Kampala. Alizaliwa Kisenyi, mtaa wa hapo hapo mjini, lakini babu yake alitoka Lamu, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Kiswahili cha watu wengine wote, kwake, kilikuwa cha kambi za jeshi. Mwaka ule wa tisini na saba alikwisha kuwafukuza wasomaji wawili kwa kumeza herufi.

"Labda ni mitambo, Mzee," Nabalayo alisema kwenye maikrofoni. "Kwetu Kisugu wananisikia vizuri."

"Wa Kisugu wanajua nini? Haya, Odero aupime mtambo. Ukiwa mzima, kesho usije."

Odero, fundi Mkenya, alianza kazi Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri. Aliingiza mlio mmoja mmoja kwenye maikrofoni, kuanzia mzito hadi mwembamba kabisa. Kwa kila mlio aliandika umeingia na nguvu gani, umetoka kwenye spika na nguvu gani, na umechelewa kiasi gani. Akaweka nukta kwenye karatasi ya grafu, kisha akatafuta mlinganyo mmoja unaozipitia zote. Mlinganyo wa kusema mtambo utafanya nini kwa mlio wowote, hata ambao hakuupima.

Nabalayo alisimama nyuma yake akiuma kucha.

"Sema umeharibika," alinong'ona. "Nina watoto wawili, Odero."

"Nukta hazisemi hivyo, dada."

Mzee alirudi, nyuma yake Valarie, karani wake, na sinia ya chai. Odero akamwonyesha karatasi.

"Mtambo ni mzima, Mzee. Unapitisha kila mlio, wa chini hadi wa juu."

Nabalayo aliketi pale pale alipokuwa, juu ya boksi la kanda.

"Umesikia, binti? Kaage wenzako." Kisha Mzee akaichungulia grafu na kucheka kwa pua. "Na wewe, hii ndiyo unaita kupima? Kati ya mitetemo elfu nne na elfu nane hakuna hata nukta moja. Umekisia!"

"Sikukisia. Mlinganyo unasema hapo kati, penye mivumo ya S na F, sauti inatoka na nguvu ileile."

"Mlinganyo una masikio? Nisikilizishe mimi mwenyewe. Sitaki huyu akatangaze mjini kwamba nimemwonea."

Odero akaweka kifaa chake kwenye mitetemo elfu sita kwa sekunde, akapandisha nguvu. Mshale wa kipimo ukainuka, ukatulia pale pale mlinganyo uliposema. Valarie aliitua sinia haraka mezani, akaziba masikio kwa viganja. Nabalayo akaziba yake, uso ameukunja.

Mzee Maftah aliinamia spika, akangoja, akangoja, kisha akamgeukia fundi kwa dharau.

"Mbona huanzi?"